"Bei DM": Vile Kelele ya Soko Ilinyamazishwa

Wasee, hii kila mtu wa Eastlands anaijua. Unaona raba safi Instagram, bei haijaandikwa. Unauliza kwa komenti, unajibiwa "DM." Ukiingia DM unaambiwa 2,500. Beshte yako wa Umoja aliulizia raba hiyo hiyo jana, akaambiwa 1,800. Na hamtawahi kujua, juu kila mmoja aliongea peke yake.

Nilitoka kampasi bila kumaliza, lakini historia sijaacha kusoma. Na historia ya bei inashangaza. Wengi hudhani kupatana bei ni mambo ya zamani, na bei ya kubandikwa ndiyo ustaarabu. Ukweli ni kwamba bei ya kubandikwa ndiyo mgeni. Paris, kuanzia 1852, Aristide Boucicaut aliuza vitu kwa bei moja kwa kila mteja kwa duka la Le Bon Marché. John Wanamaker akafanya hivyo pia kule Philadelphia. Haikuwa huruma tu. Duka likiwa na wafanyakazi wengi, huwezi kuacha kila mmoja apatane bei na kila mteja. Hapa kwetu Uchumi ilianza 1975, na ukiingia supamaketi hakuna mtu unamwambia apunguze unga.

Lakini Gikomba ilibaki na sheria yake. Milango ya mitumba ilipofunguliwa zaidi miaka ya 1990, soko likajaa nguo za kila aina, na hakuna nguo ilikuja na bei imeandikwa. Pale unapatana kwa mdomo, lakini silaha yako kubwa ni masikio. Mama wa kando akiuziwa jinzi kwa soo tatu, umesikia. Muuzaji akikuambia soo nane, unacheka tu. Ile kelele yote ni habari ya bure.

Hata mnada ni hivyo. Neno lenyewe linatokana na kunadi, yaani kuita kwa sauti. Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wake wa mtandaoni Marekani mwaka 1995, ule uliokuja kuitwa eBay, alibeba wazo hilo: kila mtu anaona bei imefika wapi. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa tochi ya leza iliyoharibika, dola 14.83. Miaka kumi baadaye eBay ikaongeza njia ya kumtumia muuzaji ofa kando. Bei ikaanza kunong'onezwa.

Kwetu kilichoshika ni matangazo kuliko minada. M-Pesa ilikuja 2007, ikawezekana kumlipa mtu hujawahi kumwona. OLX ikaingia, kisha 2019 Jiji ikanunua biashara yake ya Kenya. Huko angalau bei huandikwa, halafu mnapatana. Instagram na WhatsApp zikaondoa hata hiyo bei ya kuanzia.

Wauzaji wana sababu zao, na siwalaumu wote. Mwenye kibanda analipa kodi, na akiandika bei, jirani anashusha kwa shilingi hamsini. Wengine wamechoka na watu wa "bei ya mwisho?" ambao hawanunui. Lakini angalia nani anaona nini. Kabla ya kukujibu, muuzaji anaweza kupitia picha zako, aone unavaa nini na unatembea wapi. Wewe huoni kitu. Huoni wenzako waliambiwa ngapi. Gikomba muuzaji alikuwa mmoja mbele ya umati. Kwa DM, ni wewe uko mmoja mbele yake.

Kwa hivyo turudishe kelele. Uliza bei kwa komenti, hata kama utajibiwa DM. Angalia kitu kama hicho kinauzwa ngapi kwingine kabla hujataja bei yako. Taja bei unayoweza kulipa leo, kisha ulipe kweli, juu muuzaji pia anastahili heshima. Usitume pesa kwa mtu humjui kabla ya kuona mzigo. Halafu ile muhimu zaidi: ukishanunua, ambia mbogi ulilipa ngapi. Iandike kwa grupu ya mtaa, Kayole, Donholm, Buruburu, popote.

Najua tunaona aibu kusema bei, hasa kama tulilipa sana. Hiyo aibu ndiyo faida ya mwingine.