Mwezi Unapong'aa, Wavuvi Hushona Nyavu

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu sindano. Sizungumzii sindano ya hospitali wala ya fundi cherehani. Nazungumzia ile ya mti au ya plastiki, ndefu na bapa, ambayo mvuvi huizungushia uzi na kuipitisha katika macho ya wavu uliochanika. Huenda ukaliona jambo hili kuwa dogo. Lakini mimi naamini kuwa katika sindano hiyo imo historia nzima ya Ziwa Victoria, na pengine imo pia dawa ya ugomvi wetu wa miaka mingi kuhusu nyavu haramu.

Nianzie mbali kidogo. Katika nchi za baridi kali, Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wapo watu wanaovua samaki wa mtoni kwa ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na mdudu. Majira ya baridi yanapofika, mito mingine ikaganda na mingine ikafungwa kisheria, watu hao hawaendi kulala. Hupanga siku ya kukutana, ama ukumbini ama nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu na ndoano zake, manyoya yake na uzi wake. Wanakaa mezani na kufunga. Mzee humwelekeza kijana, na aliyekosea hufungua akaanza upya. Mto umenyamaza, lakini uvuvi unaendelea.

Kwetu ziwa haligandi. Hata hivyo nasi tunayo majira yetu ya mapumziko, nayo hayaji mara moja kwa mwaka bali huja kila mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua au wa betri. Taa huwavuta dagaa katika giza. Mbalamwezi inapokuwa angavu, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mwezi, dagaa hutawanyika, na mvuvi atachoma mafuta yake bure. Kwa hiyo kwenye mialo ya Geita, kuanzia Nkome hadi Ghuba ya Nungwe, na visiwani pia, mitumbwi ya dagaa hupumzishwa siku kadhaa. Hapo ndipo hesabu hupigwa, tajiri na wavuvi wakagawana walichopata wakati wa giza. Hapo ndipo mtumbwi huzibwa mahali panapovuja. Na hapo ndipo nyavu hutandazwa mchangani, watu wakakaa kuzizunguka na kushona.

Sasa tuipitie historia yenyewe.

Kabla ya wageni kuja, watu wa pwani hiyo ya kusini ya ziwa, Wazinza, Wakerewe, Wakara, Wajita na Wasukuma, walivua kwa migono, kwa vizuizi vya matete, kwa ndoano na kwa nyenzo zilizosukwa kwa mafunjo na nyuzi za miti. Kila kitu kilitoka shambani, porini na mikononi. Aliyetaka mgono aliusuka, na asiyejua kusuka alijifunza kwa jirani. Upana wa tundu la mgono uliamuliwa na yule aliyekuwa akiusuka.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, pale Kisumu, mwaka 1901. Miaka minne baadaye, yaani mwaka 1905, yalitokea mambo mawili katika nchi hiyo ya jirani ambayo yafaa tuyaweke pamoja. La kwanza, mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya samaki aitwaye trauti kutoka Uskochi, na samaki hao wakapandwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua kama kwao. La pili, mzungu mmoja kutoka Skandinavia alileta katika Ghuba ya Kisumu nyavu za kitani za kutega, zilizotengenezwa kwa mashine huko Ulaya. Jambo la kwanza lilikuwa la burudani, la pili la biashara.

Yale ya trauti yakazaa ufundi ambao wengi wetu hatuufahamu. Ndoano za manyoya zilizohitajiwa na walowezi zilianza kufungwa na mikono ya wenyeji, na hadi leo Kenya ina mafundi, wengi wao wanawake, wanaofunga ndoano hizo kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani. Fundi huyo si lazima awe amewahi kumwona trauti, lakini kidole chake kinajua kila fundo.

Yale ya nyavu yakazaa mapinduzi. Wavu wa kitani ulimnasa ngege, samaki mtamu aliyekuwa mfalme wa meza za watu wa ziwa, kwa wingi ambao mgono haukuweza. Nyavu zikasambaa ziwa zima. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, upande wetu nao ukapata njia ya bidhaa na soko. Wakati huohuo, mwaka 1927 na 1928, mtaalamu wa Kiingereza Michael Graham alifanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa hili. Katika taarifa yake ya mwaka 1929 alisema ngege wanapungua, akashauri nyavu zisiwe na macho yaliyo chini ya inchi 5. Alionya pia juu ya hatari ya kuleta ziwani samaki mkubwa mla wenzake. Ushauri wa kwanza ulifanywa sheria miaka ya 1930. Onyo la pili halikusikilizwa.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa maana ndipo lilipo fundo lenyewe la mazungumzo yangu. Mtu anayesuka wavu kwa mkono hutumia kibao kidogo cha kupimia. Kila jicho la wavu hupita juu ya kibao hicho, na kibao kikiwa kipana macho huwa mapana. Hivyo sheria ya ziwa, kama ipo, imo ndani ya kiganja cha msukaji. Anaweza kuifuata au kuivunja, lakini anaijua, na wenzake waliokaa naye wanakiona kibao chake. Wavu ulipoanza kutoka kiwandani, kibao kiliondoka mwaloni. Kikaenda kukaa nchi ya mbali, kwa mtu asiyemjua ngege wala mtoto wa ngege. Mvuvi akabaki mnunuzi. Na sheria nayo ikahamia ofisini.

Hata hivyo mduara wa washonaji haukufa mara moja. Wavu wa kitani au wa pamba huoza upesi usipokaushwa, tena huchanika. Ilibidi ufungwe kamba ya juu na ya chini, uwekewe maboya na vizito, na uzibwe kila ulipopasuka. Nailoni ilipoingia miaka ya 1950 kazi ilipungua, kwa sababu nailoni haiozi, lakini nayo ilishonwa. Katika miaka hiyo hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sheria ya inchi 5 ililegezwa na kuondolewa, nyavu za macho madogo zikamiminika, na ngege akawa hadithi. Sangara naye alipandwa katika maji ya Uganda miaka hiyo ya 1950, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ametawala upande wa Tanzania, akiwa amewala furu wa aina nyingi hata wakatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, na samaki wetu akaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Mvuvi wa sangara alihitaji wavu wa nyuzi nene na macho makubwa, au migonzo yenye mamia ya ndoano. Vyote hivyo vilihitaji mikono ya kuvitengeneza.

Kilichoukata mduara huo ni wavu uitwao timba. Huu ni wavu wa uzi mmoja mwembamba unaong'aa kama mshipi, ambao samaki hauoni majini. Ni rahisi kununua, unanasa sana, na ukichanika haushoneki kwa faida yoyote. Hutupwa. Unatupwa ufukweni au unaachwa majini, nao huko huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Sheria imeupiga marufuku, lakini bado unaingia. Mimi nasema hasara yake si samaki tu. Wavu usioshonwa hauwaiti watu kukaa pamoja. Kijana anayeutumia timba hana haja ya mzee.

Na vijana wenyewe mguu mmoja wako ziwani na mwingine wako machimboni. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Baadaye wachimbaji wadogo wakajaa Nyarugusu na kwingineko, kisha migodi mikubwa ikafunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001. Kijana akisikia dhahabu imetoka, huacha kasia na kushika sururu. Dhahabu ikikata, hurudi mwaloni na kutaka samaki kesho asubuhi. Hatumlaumu, njaa haina subira. Lakini mtu anayekuja na kuondoka namna hiyo hajifunzi kushona, wala hajifunzi kwa nini tundu la wavu liwe na upana fulani.

Serikali nayo imejaribu. Tangu mwaka 1998 vilianzishwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi kwenye mialo, ambavyo wengi huviita BMU, ili wavuvi wenyewe wawe walinzi. Mbali na vikundi hivyo zilikuja operesheni. Mwaka 2018, katika ile iliyoitwa Operesheni Sangara, nyavu haramu zilikusanywa na kuteketezwa kwa moto. Wapo waliosema ilikuwa lazima, na wapo waliolia kwa kupoteza mali ya mkopo. Sina nia ya kuamua kesi hiyo leo. Nasema tu kwamba moto huchoma wavu, hauwezi kumfundisha mtu kusuka mwingine.

Basi tufanyeje? Wasukuma wa Shinyanga, Kahama na Geita hawahitaji kufundishwa na mtu namna ya kuitana kazini. Vijana wao kwa desturi walikuwa na umoja wao wa kulima kwa zamu, chini ya kiongozi waliyemwita nsumba ntale, na baada ya mavuno ngoma za Bagika na Bagalu zilishindana mpaka vumbi likapanda mbinguni. Kazi, mafunzo na furaha viliwekwa siku moja. Desturi hiyo inaweza kuvikwa nguo mpya mwaloni.

Ichaguliwe siku moja katika mapumziko ya mbalamwezi. BMU iwe mwenyeji. Kila mtumbwi ulete wavu wake uliochanika, wavu halali, na kila mzee anayejua alete sindano na kibao chake. Matajiri wanunue uzi na kupika chai, kwani wavu ukidumu mwaka mmoja zaidi ni fedha yao iliyopona. Kijana aliyetoka machimboni jana akae kati ya wazee wawili, apewe sehemu ndogo aizibe, na akikosea afungue aanze upya. Kina mama wanaoanika dagaa wasikae pembeni, maana wao ndio wanaoona wa kwanza dagaa wanapoletwa wakiwa wachanga mno. Na bwana samaki naye aalikwe. Aje na rula ya kupimia macho ya wavu, akae chini, asikilize. Kiberiti akiache nyumbani.

Mkusanyiko wa namna hii hauhitaji mfadhili wala semina hotelini. Unahitaji kivuli, uzi na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kutangaza. Faida yake kubwa ni kwamba kibao cha kupimia kitarudi mwaloni, mahali kilipotoka. Watu walioketi pamoja kutwa nzima wakilitazama tundu la wavu, wakabishana wakapatana kwamba hili linafaa na lile litamaliza watoto wa samaki, hawatahitaji kukimbizana na boti ya doria. Atakayetupa timba usiku atakuwa anawakosea watu aliokunywa nao chai mchana, na hiyo ni aibu nzito kuliko faini.

Nawe msikilizaji wa mjini, unayenunua dagaa wako sokoni Shinyanga au sangara wako Dar es Salaam, usidhani haya hayakuhusu. Ngege aliyetajwa hapa alikuwa chakula cha babu zetu, na leo vijana wengi hawamjui hata kwa sura. Usiku mwezi utakapokuwa mpevu juu ya bati lako, kumbuka kuwa huko Nkome taa zimezimwa, na kuna wavu umetandazwa mchangani unangoja wa kuushona.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.