Faini ya Shilingi 3,000

Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, zamani uliitwa New Street. Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja ni mwendo mfupi tu kufika mahali ilipokuwa ofisi ya chama cha kupigania uhuru, TANU. Mwaka 1958 chama hicho kilikuwa na kijarida chake, Sauti ya TANU, karatasi chache zilizopigwa taipu na kurudufiwa kwa stensili. Mei mwaka huo rais wa chama, Julius Nyerere, aliandika humo makala ya kuwashutumu mabwana shauri wawili wa Kiingereza, mmoja wa Musoma na mwingine wa Songea, kwamba wanapindisha sheria ili kuwakomoa wanachama wa TANU. Serikali ya kikoloni ikamfungulia kesi ya jinai ya kashfa. Wakati huo uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika ulikuwa umebakiza miezi michache, na mshtakiwa alikuwa mgombea.

Nimeifuata njia ya kesi hiyo kwa sababu swali lake halijafa. Kila uchaguzi ukikaribia, kwenye vijiwe vya kahawa na ndani ya daladala, watu hubishana iwapo mwenye kesi mahakamani anastahili kura. Majibu huwa yameshaandaliwa: akiwa wetu anaonewa, akiwa wao ni mhalifu. Ninaona tunabishana vibaya, na 1958 inaweza kutusaidia kubishana vizuri zaidi.

Njia yenyewe inaanzia Tabora. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu kule, na ajenda iliyowagawa wajumbe ilikuwa kura tatu. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mpiga kura achague watu watatu kwa mpigo, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Wengi walifika Tabora wakiwa na nia ya kususia. Nyerere aliwashawishi waingie, na uamuzi ule ukaja kujulikana kama Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaunda chama chake, African National Congress. Kwa hiyo Nyerere alipoandika ile makala ya Mei, hakuwa mtu wa pembeni anayerusha mawe. Alikuwa amekwishakipeleka chama chake kwenye uchaguzi ulioandaliwa na wapinzani wake, kwa masharti yao, na amepoteza wenzake kwa ajili hiyo.

Masharti hayo yanahitaji kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo yaliyonifanya nisimame katikati ya safari hii. Ili uandikishwe kupiga kura, pamoja na umri wa miaka 21, ulitakiwa uwe na elimu ya darasa la nane, au ushike wadhifa unaotambuliwa, au uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo pauni 150 ni shilingi 3,000. Tanganyika ilikuwa na watu karibu milioni tisa, na waliofika kwenye daftari la wapiga kura kwa awamu zote mbili za uchaguzi walikuwa takribani 60,000.

Kesi ilianza kusikilizwa Dar es Salaam Julai 1958, mbele ya hakimu Davies. Gavana Edward Twining alikuwa amemaliza muda wake mwezi uliotangulia, na Richard Turnbull alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Upande wa utetezi uliongozwa na D. N. Pritt, wakili wa London aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, akisaidiwa na Mahmud Rattansey wa Tabora na K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam. Watu walifurika nje ya mahakama. Nyerere hakuruka maneno yake. Alikiri kwamba makala ile ni yake.

Hukumu ikatoka Agosti: ana hatia. Faini ya shilingi 3,000, au kifungo cha miezi sita.

Faini ile ilikuwa sawasawa na kipato cha mwaka mzima cha mtu aliyehesabiwa kuwa na uwezo wa kutosha kupiga kura. Sidhani kama hakimu alikuwa na daftari la uchaguzi mezani alipoiandika, lakini hesabu yake inaonyesha vizuri ukubwa wa pengo kati ya nchi mbili zilizokuwa zimekaa chumba kimoja. Wengi wa waliosimama nje wakingoja habari hawakuwa na darasa la nane wala shilingi 3,000 kwa mwaka. Walikuwa na hukumu yao kuhusu kesi ile, na hawakuwa na karatasi ya kuiandikia.

Hesabu ya pili ni ya kalenda. Awamu ya kwanza ya uchaguzi ilipangwa Septemba 1958 na ya pili Februari 1959. Miezi sita kutoka Agosti inakufikisha Februari. Nyerere angechagua jela, angekaa ndani karibu msimu wote wa uchaguzi.

Na wapo waliotaka achague jela. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Gold Coast, Ghana ya leo, ilikuwa imeonyesha mfano Februari 1951. Kwame Nkrumah alikuwa katika gereza la James Fort, Accra, chama chake cha CPP kiliposhinda uchaguzi, na yeye mwenyewe akapata kura 22,780 kati ya 23,122 zilizopigwa Accra ya Kati. Sheria ya kule ilimzuia aliyefungwa zaidi ya mwaka mmoja. Nkrumah alikuwa na miaka mitatu, lakini ilitolewa kama vifungo vitatu vya mwaka mmoja mmoja, akapenya hapo. Gavana akamfungulia mlango wa gereza na kumwita aunde serikali. Kwa vijana wa TANU wa 1958, cheti cha jela kilikuwa na thamani kuliko shahada ya Nyerere ya Edinburgh. Tena nyumbani kwenyewe, wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi katika miaka hiyohiyo. Kwa nini kiongozi anunue uhuru wake?

Nyerere akalipa faini. Ninauheshimu uamuzi huo zaidi ya hotuba zake nyingi za mwaka ule. Hakusema hukumu ni ya haki. Hakuwaambia watu wavunje mahakama, wala hakuomba kura kwa sababu ameonewa. Aliiacha kesi iishie mahakamani, akaenda kwa wapiga kura na hoja nyingine kabisa: nani aitawale Tanganyika. Jimbo la Mashariki alishindana na Patrick Kunambi, akapata kura zaidi ya 2,600 na mwenzake kama 800. Katika Jimbo la Kaskazini walishinda, kwa kuungwa mkono na TANU, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, Mwasia na Mzungu, na ile kura tatu iliyobuniwa kukizuia chama ikakibeba. Agosti 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71.

Jirani zetu walipita njia ngumu zaidi. Juni 1958, wakati kesi ya Nyerere ikiandaliwa, Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi, akawaita Kenyatta na wafungwa wenzake viongozi wa kweli wa Waafrika. Wajumbe wengine walishtuka. Kenyatta alikuwa amehukumiwa miaka saba Aprili 1953, na hakimu Thacker aliyemhukumu alipewa na serikali pauni 20,000. Mwaka huohuo wa 1958 shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, Rawson Macharia, aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa kununuliwa. Aliyefikishwa kortini baada ya hapo ni Macharia mwenyewe. Uchaguzi wa Februari 1961 ulipofika, chama cha KANU kiliomba kura kwa jina la Kenyatta, ambaye hakuwa hata kwenye karatasi ya kura, kikashinda, kisha kikakataa kuunda serikali hadi aachiwe. Aliachiwa Agosti 1961, na sheria ikabidi ibadilishwe ndipo aingie barazani Januari 1962.

Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipojifunza somo ambalo bado tunalilipia. Kesi ya Kapenguria ilikuwa chafu, na wananchi walikuwa na haki ya kuipuuza. Lakini somo hilo la kuipuuza mahakama likabaki kama vazi, na yeyote mwenye kesi wakati wa kampeni anaweza kulivaa.

Mwaka 2013 lilivaliwa Kenya. Uhuru Kenyatta na William Ruto waligombea wakiwa na mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, yaliyotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na laki kadhaa wakakimbia makwao. Wanaharakati walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuuliza iwapo watu hao wanakidhi sura ya sita ya katiba, inayohusu uadilifu wa viongozi. Februari 15, wiki chache kabla ya kura, mahakama ikasema haina mamlaka ya kulisikiliza suala hilo. Mjadala ukahamia jukwaani, na jukwaani ukageuka kuwa wa mabeberu na uhuru wa taifa. Uhuru alishinda kwa asilimia 50.07. Mashtaka yake yaliondolewa Desemba 2014 kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na kesi ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016. Hawakutiwa hatiani, na sheria inawahesabu hivyo.

Kinachoniuma ni wale waliouawa. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa na wenye nguvu kwa maneno aliyoyasema juu ya wenye nguvu. Kesi za The Hague zilihusu mwanamke aliyechomewa ndani ya kanisa la Kiambaa na familia zilizofukuzwa Naivasha. Kuziweka kesi hizo kwenye kapu moja kwa sababu tu zote zilikuja kabla ya uchaguzi ni kuwazika watu hao mara ya pili. Wapiga kura wanaweza kumpa mtu madaraka. Hawana uwezo wa kumfutia jambo alilotuhumiwa kumfanyia mtu mwingine.

Upande wa dola nao una hesabu yake. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa huru, serikali yetu ilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na Nyerere, aliyekuwa amepata nafasi ya kuwa na hakimu, wakili na hukumu iliyosomwa hadharani, aliitumia. Hilo ni doa lake, na hatuwezi kuisimulia 1958 kwa haki tukaliruka. Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alifikishwa mahakama ya Kisutu, si mbali na Mnazi Mmoja, akashtakiwa kwa uhaini kutokana na maneno aliyoyatamka kuhusu uchaguzi. Uhaini hauna dhamana. Kura za Oktoba 29 zilipigwa akiwa mahabusu.

Ndiyo maana katika mabishano haya mimi huanza na tarehe. Kosa linadaiwa kutendwa lini, shtaka limefunguliwa lini, ushahidi utasikilizwa kabla au baada ya kura? Kisha nauliza mlalamikaji ni nani: ni mwananchi aliyeumizwa, au ni serikali iliyosemwa vibaya? Uganda, Novemba 2005, kiongozi wa upinzani Kizza Besigye alikamatwa wiki chache baada ya kurudi kutoka uhamishoni, akashtakiwa kwa uhaini na ubakaji. Jina lake lilipitishwa kugombea akiwa gereza la Luzira. Alipopata dhamana Januari 2006, aligawa siku zake kati ya mahakama na mikutano ya kampeni. Kura zilipigwa Februari 23. Machi 7 jaji John Bosco Katutsi akamwachia huru kwa shtaka la ubakaji, akisema ushahidi ulioletwa haukutosha hata kidogo. Rais Yoweri Museveni alikuwa amekwishatangazwa mshindi.