Mwendolingani, au lumbesa ya angani

Panda bodaboda jioni kutoka Tengeru kwenda Usa River, mvua ikiwa imekatika. Moshi wa lori lililo mbele utakupita mashavuni kama maji yanavyolizunguka jiwe. Kumbikumbi atakupiga jichoni. Moshi ni mwepesi, hufuata njia ya hewa. Kumbikumbi ana uzito, hawezi kukata kona ya ghafla.

Kumbikumbi huyo ndiye anayewasumbua wanaotumia ndege kupima erosoli, yaani hewa pamoja na chembe za moshi, vumbi, chumvi au majivu zinazoelea ndani yake. Ndege ya utafiti hukimbia mita 100 kwa sekunde, pengine zaidi. Bomba hutokeza nje, mdomo ukielekea mbele, na hewa inayoingia hupelekwa kwenye mwali wa leza. Kila chembe ikikatiza mwali hutawanya mwanga, na kwa kiasi cha mwanga huo ukubwa wake hukadiriwa.

Sasa, pampu ikivuta polepole kuliko hewa inavyokuja, sehemu ya hewa hukwepa mdomo na kupita kando. Chembe nzito hazikwepi. Zinaingia bila hewa iliyozibeba. Hiyo ni lumbesa kamili, ujazo uliozidi kipimo, kama ile wanayoilalamikia wakulima sokoni. Pampu ikivuta kwa pupa, hewa ya pembeni hujikunja ikaingia, nazo chembe nzito zake zikapitiliza. Hapo kipimo kimepunjwa.

Dawa ni hewa iingie mdomoni kwa mwendo ule ule wa hewa inayopita nje. Wataalamu huiita isokinetiki, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya “sawa” na “mwendo”. Kutohoa si dhambi, ila “sampuli ya kiisokinetiki” inakwama kooni. “Mwendokasi sawa”? Msomaji wa Dar es Salaam atafikiria mabasi ya mwendokasi. “Mwendosawa” lilinivutia kwa muda, lakini mwanafunzi wa fizikia atadhani ni mwendo usiobadilika. Napendekeza “uchotaji mwendolingani”. Kulingana kunahitaji wawili, na hapa wawili wapo: hewa ya ndani na hewa ya nje. Kuchota nako kunafaa, maana anayechota maji kisimani anajua kwamba namna ya kuzamisha kata ndiyo inayoamua kama atapata maji au tope.

Uzito wa neno hili hutegemea kinachopimwa. Katika utafiti wa SAFARI 2000 kusini mwa Afrika, ndege ya Convair-580 ya Chuo Kikuu cha Washington ilipita kwenye moshi wa nyika zinazoungua. Chembe nyingi za moshi hazifiki mikromita 1, kwa hiyo mdomo wa bomba hauzipunji sana. Majivu kama yale ya volkano ya Ol Doinyo Lengai ya mwaka 2007 yana punje kubwa zaidi. Huko mwendo usipolingana, hesabu inaharibika.

Mwanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru angeweza kumweleza haya muuza nyanya sokoni Jumamosi, akaeleweka. Kisha angelazimika kuongeza kwamba hewa ikibanwa mdomoni hupata joto, matone hupoteza maji na kusinyaa kabla ya kupimwa. Na bomba likiwa na kona kali, kumbikumbi wetu atagota ukutani, hata kama mwendo ulilingana.