Kwa nini Usambara na Udzungwa zinaipita Kilimanjaro kwa miti ya kipekee

MWAKA 2019 wataalamu wa mimea waliukuta, katika misitu ya vijiji kwenye Milima ya Udzungwa, mti unaofikia urefu wa mita 40 ambao ulikuwa haujapewa jina la kisayansi. Jina hilo, Tessmannia princeps, lilitangazwa mwaka 2025.

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Mahenge. Mimea isiyopungua aina 800 hupatikana huko tu, na karibu asilimia 10 kati ya hiyo ni miti. Kilimanjaro, pamoja na urefu wake wa mita 5,895, ina miti michache mno ya namna hiyo.

Sababu ya kwanza ni umri. Kilimanjaro ni zao la volkano ambalo halijafikisha miaka milioni tatu. Milima ya Tao la Mashariki inakadiriwa kuwapo kwa takriban miaka milioni 30, muda wa kutosha kwa mimea iliyotengwa kileleni kubadilika na kuwa aina mpya.

Lakini umri pekee hautoshi, kwa kuwa msitu hufa mvua ikikatika. Katika enzi ya mwisho ya barafu hali ya hewa ya Afrika ilikuwa kavu kiasi kwamba Ziwa Victoria lilikauka, takriban miaka 17,000 iliyopita. Hata hivyo, pepo za Bahari ya Hindi ziliendelea kuleta unyevu katika milima hiyo. Chavua iliyohifadhiwa katika matope ya Uluguru inaonyesha kuwa msitu haukutoweka.

Ushahidi mwingine ni undugu wa miti yenyewe. Msambu wa Usambara, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, una ndugu katika misitu ya Ghana na Kameruni. Msitu uliowahi kuunganisha pande hizo ulikatwa vipande Afrika Mashariki ilipozidi kuwa kavu. Ajabu ni kwamba msambu haukushuka kwenye miombo iliyo jirani, kwani mti uliozoea unyevu kwa mamilioni ya miaka haugeuki kwa urahisi kuwa wa nchi kavu.

Katika miombo kiangazi huchukua miezi mitano hadi saba, na moto hupita mara kwa mara. Hufaulu miti yenye magome mazito na inayochipua upya kutoka mizizini. Ndiyo maana eneo kubwa hutawaliwa na miti ya koo chache, hasa Brachystegia na Julbernardia. Hizo nazo ni za jamii ya mikunde, kama Tessmannia. Chimbuko ni moja, lakini kila upande ulifuata njia yake.

Misitu ya Tao la Mashariki iliyobaki ni chini ya asilimia 30 ya ile ya awali. Humo hutoka maji ya Mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam, na ya Mto Zigi, unaotegemewa na Tanga. Misonobari ikipandwa mahali palipokatwa, mlima hurudia ukijani, ila aina zilizopotea hazirudi. Tessmannia princeps, ilipotangazwa, ilijulikana katika misitu miwili tu ya vijiji.