Tarehe 17 Mei

Niko na daftari moja la madeni. Nililitoa Area 25, pale Lilongwe, nikalileta hapa Dzaleka ndani ya mfuko pamoja na chaji ya simu na nguo za watoto. Mstari wa mwisho niliuandika tarehe 16 Mei 2023: sabuni mbili, mafuta ya kupikia chupa moja, kwacha 4,300, Amayi wa mlango wa bluu. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe.

Kesho yake, Jumatano tarehe 17, kazi ya kuwakamata wakimbizi mjini na kuwarudisha kambini ilianza. Duka langu lilikuwa kibanda tu, lakini lilinilishia watu sita.

Mwaka uliofuata tulikuwa kwenye foleni ya maji, mzee mmoja wa Fizi akasikia nikitaja tarehe ile. Akatikisa kichwa. "Kijana, iyi tarehe iko mubaya. Kwetu Kongo njo ilileta mambo yote. Na huku imetufuata." Mama mmoja Mnyarwanda aliyekuwa mbele yetu hakugeuka, ila alisema polepole, "Hata sisi tunaijua." Nilirudi nyumbani bila kucheka. Nikaanza kuuliza watu na kusoma, nijue kama kweli tarehe inaweza kumfuata mtu.

Tuanze na wenyeji wetu. Jumanne tarehe 17 Mei 1994, Wamalawi walipanga foleni kupiga kura. Ulikuwa uchaguzi wao wa kwanza wa vyama vingi tangu uhuru wa 1964. Kamuzu Banda alikuwa ametawala miaka 30, na tangu 1971 alikuwa rais wa maisha. Wakati ule kulikuwa na chama kimoja tu. Mwaka 1992 maaskofu Wakatoliki waliandika barua ya kukosoa hali ya nchi, ikasomwa makanisani. Mwezi wa Juni 1993 wananchi wakakubali vyama vingi katika kura ya maoni. Mei iliyofuata Bakili Muluzi akashinda, na yule mzee wa maisha akakubali kushindwa. Hakukuwa na vita. Jirani zangu wa Area 25 waliokuwa watu wazima siku ile bado wanaisimulia kwa furaha, hata wale waliompenda Kamuzu.

Sisi wa Dzaleka jambo hili linatuhusu kuliko tunavyofikiri. Kabla haijawa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza ambalo serikali ya Kamuzu iliwafungia wapinzani wake. Watu hueleza kwamba hata jina lake kwa Kichewa ni onyo: utaacha. Mwaka uleule wa 1994 mahali hapa pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Yaani wafungwa wa siasa walipokwisha, tukaja sisi. Nasema hivi bila uchungu, kwa sababu nchi iliyotupokea ilikuwa yenyewe imetoka tu kufungua mlango wake.

Sasa, siku ileile, Jumanne ileile, angalia New York. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 918 kuhusu Rwanda. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza Aprili tarehe 7, karibu wiki sita zilikuwa zimepita. Mwezi wa Aprili baraza hilohilo lilikuwa limepunguza askari wake wa kulinda amani hadi watu 270 hivi. Tarehe 17 Mei likaamua waongezwe wafike 5,500, na silaha zisiingizwe tena Rwanda. Kwa karatasi ilikuwa habari njema. Lakini nchi zilichelewa kutoa askari na magari, na mauaji yalipokoma mwezi wa Julai, wale 5,500 walikuwa bado hawajafika.

Nilimwendea yule mama wa foleni, nikamuuliza kama aliwahi kusikia habari ya azimio lile. Alisema hapana, siku zile alikuwa anahesabu usiku, hakuhesabu tarehe. Halafu akauliza, "Walisema watu elfu tano?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua maharage yake. Sikuuliza tena.

Miaka mitatu ikapita. Jumamosi tarehe 17 Mei 1997, askari wa AFDL wakaingia Kinshasa. Mobutu, aliyekuwa ameshika nchi tangu 1965, alikuwa ameondoka mjini siku moja kabla. Mandela alijaribu kuwapatanisha yeye na Laurent-Désiré Kabila ndani ya meli, huko Pointe-Noire, lakini haikuwezekana. Siku ile Kabila akiwa Lubumbashi akajitangaza rais, na jina la Zaïre likafa. Tukarudi kuitwa Kongo.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa, Uvira. Kwetu AFDL walikuwa wameingia tangu Oktoba 1996, lakini habari ya Kinshasa ilipotoka kwenye redio watu walicheza barabarani. Mama hakucheza. Kaka yangu mkubwa alikuwa amefuata jeshi lile, akiwa kadogo wa miaka kumi na tano, na mama alikuwa anangojea redio itaje kama watoto watarudishwa. Redio haikutaja. Mwaka 1998, mwezi wa nane, vita nyingine ikaanza. Tarehe 17 Mei iliwekwa kuwa sikukuu katika Kongo, na kila mwaka mama aliipika ugali na samaki kama siku nyingine, akiacha sahani moja bila kugawa. Kaka hajarudi mpaka leo.

Halafu ikaja yetu ya 2023. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka kando baadhi ya vipengele, kama kile cha uhuru wa kutembea. Kwa sheria tulitakiwa kukaa kambini. Lakini kambi ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, na sasa tumepita 50,000. Kwa hiyo miaka mingi watu walitoka, wakafungua vibanda Area 25 na kwingine, na mambo yakaenda. Mwishoni mwa Machi 2023 serikali ikatoa agizo: wote warudi Dzaleka kufika tarehe 15 Aprili. Wengine walirudi. Wengine, kama mimi, tulidhani agizo litapita kama yale ya zamani. Tulikosea. Sitaki kumtupia mtu lawama hapa. Naandika tu kwamba nilifunga kibanda mchana, na niliporudi kukiona baada ya wiki mbili kilikuwa kitupu mpaka mbao.

Basi mzee wa Fizi yuko na haki? Nimefikiri sana, na jibu langu ni hapana. Mwaka una siku 365, na historia ina watu wengi. Chukua tarehe yoyote, uulize nyumba kumi za Dzaleka, utapata kilio na vigelegele. Tarehe haina mkono. Tarehe 17 Mei 1994, wakulima wa Malawi waliamua. Mabalozi huko New York waliamua, halafu nchi zao zikakawia. Mwaka 1997 mtu fulani aliamua kumpa kaka yangu bunduki. Mwaka 2023 pia kuna walioamua, na mimi niliamua kubaki. Tukisema tarehe ndiyo mbaya, tunawaachia wote hao waende zao bila kuulizwa. Na wale waliofanya vizuri, kama wale waliopanga foleni wakamuondoa rais wa maisha bila risasi, nao tunawanyima sifa yao.

Nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, fomu zenu zinauliza tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kufika Malawi. Nyingi tunajibu kwa kukisia. Siku mkipata nafasi, mtuulize pia tarehe tunazozijua bila kukisia. Hapo ndipo mtatuona.

Mwezi wa Agosti 2023 Amayi wa mlango wa bluu alikuja Dzaleka. Alipanda minibasi mbili, akauliza njia mpaka akanipata. Alifungua fundo la chitenje chake, akahesabu kwacha 4,300. Nilimwambia, "Amayi, nauli yako imekula zaidi ya deni." Akasema deni ni deni. Alikula nsima kwetu, akacheka na watoto, akarudi kabla ya giza.

Nilitoa daftari nikaandika "imelipwa" kwenye mstari ule wa mwisho. Tarehe yake ni 19 Agosti. Nimemwambia yule mzee wa Fizi aiweke na hiyo kwenye hesabu yake.