Bosi Kwenye Karatasi: Kutoka Mwongozo hadi OPRAS

Watu wa semina za uongozi huongea kana kwamba jambo la meneja kuwasikiliza walio chini yake limeletwa juzi, pamoja na projekta na chai ya saa nne. Nimekaa kwenye semina hizo zaidi ya mara moja. Mtoa mada anaonyesha picha mbili: bosi aliyekaa juu ya mzigo huku wenzake wakiuvuta, na kiongozi aliyeshika kamba mbele yao. Ukumbi mzima unaitikia, posho inasainiwa, Jumatatu tunarudi ofisini vilevile tulivyotoka. Semina zenyewe hazinikeri sana. Kinachonikera ni kwamba nchi hii ilishalijadili jambo hili, tena kwa ukali ambao mtoa mada wa leo asingethubutu, halafu tukalisahau.

Naandika nikiwa Kizota, upande wa Dodoma wa barabara ya Singida. Ni kata ya maghala na viwanda, yenye ule ukumbi ambamo CCM ilifanya Mkutano Mkuu wake wa Novemba 2012. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, majirani zangu wengi ni watumishi wa umma. Jioni nje ya duka mazungumzo huwa mawili tu, maji na bosi. Maji yana mgao, lakini bosi yupo kila siku.

Kwa mtu wa Dodoma historia hii inaanzia Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga pale, mashariki ya hapa nilipo, baada ya wataalamu wao kuizunguka Tanganyika kwa wiki chache tu, sehemu kubwa ya safari wakiwa ndani ya ndege. Kwanza mradi ulisimamiwa na United Africa Company, kisha mwaka 1948 ukakabidhiwa shirika la Overseas Food Corporation, na huku shambani mkuu wake akawa jenerali wa jeshi, Desmond Harrison. Wagogo walijua mvua ya Ugogo haina ahadi. Walijua pia udongo ule ukikauka unakuwa kama saruji, jembe halipiti na karanga hazing'oki. Hiyo haikuwa siri, mtu yeyote angeelezwa kwa kuuliza. Lakini muundo ule ulikuwa wa kijeshi: amri inashuka, taarifa ya kutoka chini haina ngazi ya kupandia. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara inayotajwa mara nyingi ni pauni milioni 36. Mimi Kongwa huwa siisomi kama habari ya kilimo. Naisoma kama habari ya meneja asiyeambiwa kitu.

Uhuru ukaja, viti vikabadilisha wakaliaji. Waliovikalia watu wakawaita manaizi, neno lililozaliwa na ile naizesheni iliyowapa nafasi, na halikuwa neno la sifa. Kilichobaki bila kubadilika kilikuwa masijalani. Kila mwaka mkuu wa idara alijaza taarifa ya siri kuhusu mtu wake, ikaingia masijala ya siri, na mwenyewe hakuonyeshwa. Ungeweza kufanya kazi miaka kumi bila kujua umeandikwa nini. Kupanda cheo, uhamisho, masomo, vyote vilipitia kwenye sentensi mbili tatu za mtu ambaye pengine mligombania kivuli cha kuegeshea baiskeli.

Juu ya hayo, mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya mwezi Januari, vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa, kikabaki kimoja cha kisheria, NUTA. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Yaani ukienda kushtaki na ukienda kukata rufaa, unamkuta yuleyule.

Halafu mwezi Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo. Wengi wanaukumbuka kwa habari za ulinzi, kwa sababu uliandikwa wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Obote, na baada ya Wareno kuivamia Guinea Novemba 1970. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na ibara ya 15. Ibara hiyo haikuzungumzia mipaka wala bunduki. Ilizungumzia tabia ya kiongozi kazini, na ilimpiga marufuku, kwa lugha nyepesi kabisa, kuwa na majivuno, anasa, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Haikusema itafaa ajirekebishe. Ilimwekea mwiko.

Mwaka mmoja kabla, Februari 1970, waraka wa Rais ulikuwa umeagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mabaraza yale yalikuwa ya kushauri tu, na meneja alikuwa na uhuru wa kusikia kwa sikio moja. Mwongozo uliyapa kitu ambacho waraka haukuyapa, maneno. Mtu wa mashine sasa angeweza kusimama mkutanoni na kutaja namba ya ibara.

Na walisimama. Issa Shivji na Pascal Mihyo, walioandika juu ya miaka ile mambo yakiwa bado ya moto, wanahesabu migomo mikubwa 31 kati ya Februari 1971 na Septemba 1973, ikihusisha wafanyakazi zaidi ya 22,000. Hesabu hiyo si ndogo kwa nchi ambayo viwanda vyake karibu vyote ungeweza kuvitaja kwa majina. Kinachonishangaza zaidi ni walichogomea. Mshahara haukuwa kilio kikubwa. Walilalamikia kutukanwa, kupekuliwa, kufukuzwa kama kuku, meneja anayepita bila kuitikia salamu. Walidai waongozwe kama watu wazima. Mtaalamu wa leo angeyaita hayo kwa maneno marefu na kuyauza kwa ada ya siku mbili. Wao waliyasema bure, wakiwa wamesimama juani nje ya geti.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kutoka shirika la umma, alikuwa karani kijana katika kiwanda kimoja Dar es Salaam wakati huo. Nilimuuliza kama kweli watu walikuwa wanaijua ile ibara au ni mambo ya vitabuni.

"Mwanangu, tuliijua kama sala," aliniambia. "Meneja akifoka, mtu anakohoa kule nyuma: kumi na tano! Anatulia."

"Na yeye meneja, Mzee, aliichukuliaje?"

"Wengine walijirekebisha. Wengine walingoja ipite."

Yeye alisimama mara moja barazani akauliza kwa nini gari la kiwanda linapeleka watoto wa meneja shule ilhali mgonjwa wa zamu ya usiku anapelekwa hospitali kwa mkokoteni. Miezi miwili baadaye alipata barua ya uhamisho, na alikaa daraja moja kwa miaka 11. Faili lake la siri hajaliona hadi leo. Hakunisimulia kwa uchungu. Alinisimulia kama mtu anayetaja bei ya kitu alichokinunua kwa hiari.

Hapa kuna kichekesho ambacho hakitajwi vya kutosha. Miaka ileile Chama kikiwaambia mameneja waache ubwana, Serikali ilikuwa imeajiri kampuni ya washauri ya Kimarekani, McKinsey, isaidie kupanga upya mashirika na utawala. Mpango wa Madaraka Mikoani, ulioanza Julai 1972, una alama zao. Ukazaa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, na mabaraza ya kuchaguliwa ya serikali za mitaa yakaondolewa. Mwaka huohuo chuo cha Mzumbe kikaundwa upya kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Kwa hiyo meneja wa 1972 alikuwa anafundishwa na walimu wawili. Mmoja alimwambia atamjibu aliye chini yake, mwingine alimchorea chati inayoonyesha atamjibu aliye juu. Chati ndiyo iliyodumu.

Mwaka 1973 mambo yalifika kilele. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walimfungia nje mwenye mali wakaendesha kazi wenyewe. Wengine walipotaka kufuata mfano huo, Serikali ikaona imetosha. Waliogoma walifukuzwa kazi, baadhi walikamatwa, na viongozi wakaanza kuhubiri nidhamu na uzalishaji kuliko ibara ya 15. Mwongozo haukufutwa. Uliachwa tu ukae kimya kabatini, kama katiba ya chama cha kuzikana ambacho hakifi mtu. Kwa maoni yangu haukushindwa kwa kuwa ulikuwa maneno matupu. Ulishindwa kwa kuwa waliokuwa chini waliuamini kuliko walivyotarajia walioutunga.

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana kwa bosi haikuwa na jipya. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, vita ya Uganda, foleni za sukari, marekebisho ya uchumi, mashirika yakauzwa. Ukiwa na hofu ya kupunguzwa kazi humwambii meneja kwamba ana majivuno. Unamshikia mlango.

Karatasi ya pili ilikuja Julai 2004, na jina lake ni OPRAS. Mtumishi yeyote wa umri wangu akilisikia hucheka kidogo. Ilitokana na mageuzi ya utumishi wa umma yaliyoanza mwaka 2000 na sheria ya 2002, na ilikuja kuiondoa ile taarifa ya siri. Tathmini sasa ingekuwa ya wazi. Mwezi Julai mtumishi na msimamizi wake wanakaa, wanakubaliana malengo. Desemba wanapitia wamefika wapi. Juni kila mmoja anatoa alama, moja ikiwa ya juu kabisa na tano ya chini, kisha wanaafikiana. Wakishindwa kuelewana, mtu wa tatu anaweza kukaa nao.

Tuliicheka kwa sababu ya namna ilivyojazwa. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, fomu zote za idara zilijazwa mchana mmoja wa Juni, Julai ikiandikwa kwa kurudisha tarehe nyuma, na kila mtu akapata mbili. Moja inazua maswali, tatu inazua ugomvi. Mkuu wetu alisaini zote kwa kalamu moja bila kukaa.

Lakini ichukue fomu yenyewe, isome kama hati ya historia. Kwenye jedwali la malengo, pembeni ya malengo na vigezo, kuna safu iliyoandikwa rasilimali zilizokubaliwa. Hapo msimamizi anaandika atakachompa mtu wake ili kazi iwezekane, kisha anasaini. Mimi naiona safu ile kuwa ndugu wa ibara ya 15, japo ni ndugu mpole. Ya 1971 ilimuuliza bosi unawatendeaje watu wako. Ya 2004 ilimuuliza unawadai hivi, je, wao wanakudai nini? Kwa mara ya kwanza deni la bosi kwa mtumishi wake liliwekwa kwenye fomu ya Serikali, na mahali pa sahihi pakawepo. Hakuna aliyegoma kwa sababu ya safu ile, wala aliyefukuzwa kazi. Haikuogopwa na mtu.

Katikati hapo tulipata pia utumbuaji majipu, kuanzia mwisho wa 2015. Mkubwa alisimamishwa kazi mbele ya kamera, na mtaani tulishangilia, kwa kuwa wengi tulikuwa na bosi tuliyemtamania jukwaa lile. Ila aliyemwajibisha bosi pale alitoka juu yake. Aliye chini alikuwa mtazamaji. Na meneja aliyeogopa kutumbuliwa hakuwa mpole zaidi kwa karani wake, aliipeleka hofu ile chini.

Tangu 2023 OPRAS imepisha PEPMIS. Kazi zinaingizwa kwenye mfumo, msimamizi anazipitia humohumo, na hadithi ya kurudisha tarehe nyuma imekuwa ngumu. Sina ugomvi na kompyuta. Majirani hapa huinua simu juu kutafuta mtandao ili wajaze kabla siku haijaisha, na wapo wanaosema afadhali, angalau sasa kazi yao inaonekana.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mpangaji wa nyumba ya nyuma, bado ana fomu zake za karatasi kwenye bahasha ya kaki. Alinionyesha ya mwaka mmoja. Lengo: wanafunzi wa darasa la pili wajue kusoma na kuandika. Kwenye safu ya rasilimali alikuwa ameandika madawati 40 na vitabu, maana darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 100 na wengine waliandikia sakafuni. Mwalimu mkuu alichora mstari juu ya madawati na vitabu, akaandika neno moja: ushirikiano.

"Ungefanyaje dada, ungekataa kusaini?" nilimuuliza.

"Nikatae? Yeye mwenyewe hayo madawati angeyatoa wapi? Naye anajaziwa na afisa elimu, na yake imeandikwa ushirikiano vilevile."

Nikamuuliza mapitio ya Desemba yalisemaje. Akageuza ukurasa, sehemu ile ilikuwa tupu. Desemba shule zimefungwa.