Saratani ya figo inayofuatana na selimundu

Kwa miaka 22, wataalamu wa patholojia wa jeshi la Marekani mjini Washington waliletewa sampuli za figo zisizofanana na saratani waliyoizoea. Wagonjwa, isipokuwa mmoja, walikuwa watu weusi wa miaka 11 hadi 39 wenye kinasaba cha selimundu. Uvimbe ulianzia medula, sehemu ya ndani ya figo, na chini ya hadubini seli zake zilijipanga kama wavu, zikizungukwa na seli nyeupe za damu. Baada ya upasuaji, waliishi kwa wastani wa wiki 15 tu.

Mwaka 1995, Charles Davis, Kash Mostofi na Isabell Sesterhenn walichapisha visa 33. Waliuita ugonjwa huo saratani ya medula ya figo, wakauhesabu kuwa wa saba kati ya maradhi ya figo yanayohusishwa na selimundu.

Wengi wa wanaoupata hawaugui selimundu. Wamerithi kinasaba kimoja tu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kuwa kinasaba hicho hukinga dhidi ya malaria, ndiyo maana kimeenea sana kwetu Afrika. Ila medula ina oksijeni kidogo na chumvi nyingi, na humo hata seli nyekundu za mtu mwenye kinasaba kimoja huweza kujikunja kama mundu.

Kuitambua saratani hiyo bado kulikuwa kugumu, kwani saratani ya mirija ya kukusanya mkojo inakaribiana nayo kwa sura. Mwaka 1998, watafiti wa Ufaransa waligundua kuwa uvimbe fulani mkali wa watoto hutokana na kuharibika kwa kinasaba SMARCB1. Mwaka 2008 ikaripotiwa kuwa saratani ya medula nayo imepoteza protini ya kinasaba hicho.

Siku hizi sampuli hupakwa kingamwili inayogeuza viini vyenye protini hiyo kuwa vya kahawia. Mtaalamu hutazama kwanza seli za mishipa ya damu: zikiwa za kahawia, kipimo kimefanya kazi. Za saratani zikibaki bila kahawia, protini imepotea. Hapo huulizia hali ya selimundu ya mgonjwa.

Saratani hii ni nadra, na wengi wenye kinasaba kimoja wanaokojoa damu hawana saratani. Hata hivyo, kijana anayekojoa damu asikae nyumbani. Aende hospitali, ataje hali yake ya selimundu, na daktari aiandike kwenye fomu ya maabara.